Disketi Inaingia, Mbona Haisomeki? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu disketi za kompyuta za mwanzo

Ukurasa huu ni wa yeyote mwenye boksi la disketi za miaka ya 1980 au mwanzoni mwa 1990, zile ambazo wengine huziita flopi, na anayetaka kujua kilichomo. Huenda ni tasnifu ya mzazi, hesabu za duka, barua, au mchezo wa utotoni. Maswali haya nimeulizwa na watu walioniletea disketi zao, na karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: disketi kuingia kwenye draivu ni kitu kimoja, na draivu kuielewa ni kitu kingine kabisa.

Kama huna muda wa kusoma yote, soma majibu mawili ya kwanza kabla hujagusa chochote.

Kompyuta inasema disketi haijafomatiwa. Je, imekufa?

Mara nyingi haijafa. Kompyuta haina namna ya kusema "hii imeandikwa kwa mtindo nisioujua", kwa hiyo husema haijafomatiwa. Chukua mtu aliyejifunza herufi za Kilatini peke yake, umpe barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee wa Lamu na Pate. Lugha ni yake, karatasi ni nzima, wino haujafifia, lakini yeye haoni ila michoro. Barua ipo. Kinachokosekana ni msomaji wake.

Ili disketi isomeke, mambo kadhaa lazima yakubaliane kwa pamoja. Umbo lake liingie kwenye draivu. Kichwa cha draivu kipite juu ya njia zilezile zilizoandikwa; njia ni miduara ya sumaku iliyopangwa mmoja ndani ya mwingine, na tofauti na mfereji wa santuri, haiungani. Mageuko ya sumaku kwenye njia hizo yafasiriwe kuwa biti kwa kanuni ileile iliyotumika kuziandika. Sekta, yaani vipande ambavyo kila njia imekatwa, ziwe na ukubwa na namba zinazotarajiwa. Kisha mfumo wa faili ufahamike, na mwishowe maandishi yenyewe yawe ya programu unayoijua. Likikosekana moja tu, unaona ujumbe uleule. Kazi yote ya kuokoa disketi ni kujua ni lipi kati ya hayo lililokataa.

Nikikubali kuifomati halafu nitafute programu ya kurudisha mafaili, haitawezekana?

Usikubali. Kwenye diski ngumu, kufomati kwa haraka hugusa orodha ya mafaili tu na data hubaki chini yake. Kufomati disketi ambayo kompyuta haikuitambua ni jambo tofauti: kila njia huandikwa upya, mwanzo hadi mwisho, na sumaku ya zamani hufunikwa. Nimewahi kuletewa disketi 11 za marehemu mwalimu mmoja. Kabla hazijanifikia zilipita ofisi fulani, na mtu mwenye nia njema alibonyeza "ndiyo" kwenye kila moja. Nilizisoma kwa kifaa bora nilichonacho. Zilikuwa disketi tupu, safi, zilizofomatiwa vizuri.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ni kuizuia disketi isiandikike. Ya inchi 3.5 sogeza kile kitufe kidogo mpaka tundu lionekane wazi. Ya inchi 5.25 ziba pengo la pembeni kwa kibandiko. Ya inchi 8 ni kinyume chake: pengo likiwa wazi ndipo haiandikiki, ukiliziba inaandikika. Watu wengi hukosea hapo.

Ukubwa ulikuwa wa aina ngapi?

Iliyotangulia ni ya inchi 8, iliyotoka IBM mwaka 1971. Shugart Associates walileta ya inchi 5.25 mwaka 1976, na hiyo ndiyo iliyoingia kwenye kompyuta za mezani. Ya inchi 3.5 yenye ganda gumu ni ya Sony, na ndiyo iliyodumu kuliko zote. Sony wenyewe waliacha kuiuza mwaka 2011.

Ipo pia ya inchi 3, ambayo watu huichanganya na ya 3.5. Upana wake ni mdogo kuliko wa 3.5 na urefu wake umezidi kidogo, ganda lake ni gumu zaidi, na kwenye mashine nyingi huchomolewa na kugeuzwa upande wa pili. Kampuni ya Amstrad ya Uingereza iliitumia kwenye kompyuta ya CPC 6128 na kwenye PCW, mashine ya kuandikia iliyopendwa sana Uingereza kuanzia mwaka 1985. Mtu aliyesoma huko miaka hiyo akarudi na kazi zake, basi kuna uwezekano mkubwa kazi hizo ziko kwenye disketi ya inchi 3. Draivu ya 3.5 haitaifaa hata kidogo, usijaribu kuisukuma.

FM, MFM na GCR ni nini? Naziona kila mahali.

Ni kanuni tatu za kugeuza biti kuwa mageuko ya sumaku. Disketi haiwezi kuandikwa 0 na 1 moja kwa moja. Kinachoandikwa ni mahali ambapo sumaku inageuka upande, na draivu inapozungusha disketi husikia migeuko hiyo kama mapigo. Tatizo ni kwamba mapigo yakikosekana kwa muda mrefu, msomaji hupoteza hesabu, kama mpiga ngoma anayengoja zamu yake bila kusikia wenzake.

FM hutatua hilo kwa kuweka pigo la saa kabla ya kila biti. Ni salama lakini inakula nafasi, nusu ya disketi ni mapigo ya saa. MFM huweka pigo la saa pale tu panapohitajika, yaani kati ya sifuri mbili zinazofuatana, na hivyo disketi ileile hubeba data mara mbili. Ndiyo iliyotumiwa na IBM PC na karibu kila mtu baadaye. GCR ni njia ya tatu: baiti hugeuzwa kuwa msimbo mrefu kidogo ambao umechaguliwa ili sifuri zisirundikane. Apple na Commodore waliichagua, kila mmoja kwa jedwali lake.

Chipu ya draivu ya PC, ile ya ukoo wa NEC 765, inajua MFM. Nyingi hazina FM, ndiyo maana disketi za zamani za BBC Micro, kompyuta ya Uingereza, huzishinda ingawa mpangilio wake ni mwepesi sana. GCR hazijui kabisa. Hakuna programu itakayobadilisha hilo, kwa sababu chipu huwa imeshatupa mapigo isiyoyaelewa kabla programu haijapata nafasi ya kuyaona.

Apple II na Commodore 64 zote ni inchi 5.25, zote GCR, zote njia 35. Basi zinasomana?

Hapana, na hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu.

Draivu ya Apple, Disk II ya mwaka 1978, ilibuniwa na Steve Wozniak kwa chipu chache sana. Kazi nyingi ambayo wengine waliziachia chipu, yeye aliiachia programu. Njia 35, sekta 16 kila njia, baiti 256 kila sekta: jumla KB 140. Kabla ya DOS 3.3, mfumo wa Apple wa kuendesha disketi wa mwaka 1980, sekta zilikuwa 13 tu, kwa hiyo hata Apple II kwa Apple II kulikuwa na disketi zisizosomana.

Draivu ya Commodore 1541 ina kichakato chake mwenyewe ndani, ni kompyuta iliyofungwa kwenye boksi. Waliona kwamba njia ya nje ni ndefu kuliko ya ndani, basi kwa nini ibebe sekta sawa? Wakaigawa disketi sehemu nne. Njia 17 za nje zina sekta 21 kila moja, 7 zinazofuata zina 19, kisha 6 zenye 18, na 5 za ndani zenye 17. Jumlisha upate 683. Orodha ya mafaili imewekwa njia ya 18, katikati, ili kichwa kisisafiri mbali. Disketi huzunguka kwa kasi moja, ila mwendo wa kuandika biti hubadilika kutoka sehemu hadi sehemu.

Kwa hiyo sumaku ni ileile, disketi tupu ilinunuliwa duka lilelile, na bado hakuna hata sekta moja ambayo mashine moja ingeweza kuipokea kutoka kwa nyingine. Hakuna aliyekosea hapo. Kila mhandisi alitatua tatizo alilokuwa nalo mezani, kwa bei aliyoweza, na kubadilishana disketi na mshindani hakukuwa sehemu ya tatizo.

Osborne, Kaypro, DEC Rainbow: zote ziliendesha CP/M. Mfumo mmoja, kwa nini disketi haziendi?

Swali hili liliwatesa watu wengi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na jibu lake linafundisha kuliko yote.

CP/M, mfumo wa uendeshaji uliotungwa na Gary Kildall, ilikua kwenye disketi za inchi 8. Huko kulikuwa na kiwango kimoja ambacho kila mtu alikikubali, kile cha IBM 3740: upande mmoja, FM, njia 77, sekta 26 za baiti 128. Ukiandika disketi hiyo leo kwenye mashine ya kampuni moja, kesho inasomwa kwenye ya kampuni nyingine. Programu ziliuzwa hivyo.

Zilipokuja za inchi 5.25, hapakuwa na mkubwa wa kuweka kiwango. Osborne 1 ya mwaka 1981 ilichagua upande mmoja, FM, njia 40, sekta 10 za baiti 256, yaani KB 100. Kaypro II ya mwaka uliofuata ilichukua MFM, sekta 10 za baiti 512, KB 200. DEC Rainbow ilitumia njia 80 upande mmoja, KB 400.

Lakini hata pale ambapo njia na sekta zililingana, CP/M ilikuwa na kasoro iliyojificha. Disketi yake haijielezi. Ni njia ngapi zimetengwa mwanzoni kwa ajili ya mfumo, furushi moja la data ni KB 1 au 2, sekta zinarukwa kwa mpangilio gani, majibu yote hayo hayamo kwenye disketi. Yamo kwenye jedwali lililokaa ndani ya BIOS ya mashine, yaani programu yake ya msingi. Ukiitoa disketi kwenye mashine yake, umeiacha ramani nyuma. Ndiyo maana zikatokea programu kama UniForm na baadaye 22Disk, ambazo kazi yake kubwa ilikuwa kubeba orodha ndefu ya ramani hizo: chagua jina la mashine, nami nitakusomea. Commodore 128 yenye draivu ya 1571 nayo iliweza kusoma disketi za Kaypro na zile za Osborne zilizoandikwa kwa MFM, jambo lililowashangaza wengi waliodhani Commodore haijui ila GCR.

Na kuna waliotia kadi ya Z-80 SoftCard ya Microsoft kwenye Apple II wakapata CP/M halali kabisa. Programu zilifanya kazi. Disketi zao zilibaki za GCR ya Apple, na jirani mwenye Kaypro hakuweza kuzigusa.

MS-DOS, mfumo wa uendeshaji wa PC, ilijifunza kutokana na hili. Kuanzia toleo la 2.0 la mwaka 1983, sekta ya kwanza ya disketi huandikwa vipimo vyake: ukubwa wa sekta, idadi yake, pande ngapi. Disketi ikaanza kusafiri na ramani yake.

Niliandika kwenye disketi ya KB 360 nikitumia draivu ya MB 1.2. Kwenye ile draivu ya 360 haisomeki. Kwa nini?

Kwa sababu vichwa vina upana tofauti. Draivu ya KB 360 ina njia 40 na kichwa chake huacha mstari wa sumaku wa takriban milimita 0.33. Draivu ya MB 1.2, iliyokuja na IBM PC AT mwaka 1984, ina njia 80 katika eneo lilelile, kwa hiyo kichwa chake ni nusu ya upana huo.

Draivu nyembamba husoma mstari mpana bila shida. Shida huanza ikiandika. Ni kama kupaka rangi mpya kwa brashi nyembamba juu ya mstari mpana wa rangi ya zamani: katikati ni mpya, kingo mbili ni za zamani. Ukiirudisha kwenye draivu ya 360, kichwa kipana husikia sauti mbili kwa wakati mmoja na hakielewi hata moja.

Dawa ya enzi hizo ilikuwa kutumia disketi mpya isiyowahi kufomatiwa, au iliyofutwa kwa sumaku, kisha kuifomati KB 360 na kuiandika kwenye draivu ya MB 1.2 peke yake. Kingo hazina chochote, basi kichwa kipana hakisikii kelele.

Usichanganye pia disketi zenyewe. Zinafanana kwa macho, lakini sumaku ya disketi ya MB 1.2 ni ngumu kugeuza karibu mara mbili kuliko ya KB 360. Ukiifomati moja kama nyingine, huenda ikakubali leo na kupoteza data wiki ijayo.

Disketi ya Macintosh ni ya inchi 3.5 kama ya PC. Kwa nini PC inaikataa?

Inategemea ni ya lini. Macintosh ya mwaka 1984 iliandika KB 400 upande mmoja, na Macintosh Plus ya 1986 ilileta KB 800 pande mbili. Zote ni GCR, na zote zina ujanja wa aina yake: wakati Commodore walibadilisha mwendo wa biti, Apple walibadilisha mzunguko wa disketi yenyewe. Kichwa kikiwa nje, mota huzunguka polepole; kikiingia ndani huongeza kasi. Njia za nje hupata sekta 12, za ndani kabisa 8. Ukikaa karibu na Mac ya zamani ikisoma disketi, unasikia mota ikibadilisha sauti, kama mtu anayeimba ngazi. Draivu ya PC huzunguka mara 300 kwa dakika na haijui kubadilika.

Kuanzia mwaka 1988 Apple waliweka draivu inayoandika pia MFM ya MB 1.44. Disketi hizo PC inaweza kuzisoma sekta zake zote. Kinachobaki ni mfumo wa faili, HFS, ambao Windows haiujui ila programu za kuusoma zipo. Kumbuka pia kwamba faili la Mac huwa na mapande mawili, la data na la rasilimali. Ukilihamisha ovyo kwenye PC, pande la pili hupotea, na programu nyingi za Mac bila pande hilo hazifunguki.

Na Amiga? Na Atari ST?

Atari ST ndiyo iliyo karibu zaidi na PC. MFM, sekta 9 za baiti 512, mfumo wa faili wa FAT12 kama wa MS-DOS, yaani KB 720 zilezile. Disketi iliyofomatiwa kwenye PC, ST huisoma bila neno. Iliyofomatiwa kwenye ST yenye toleo la awali la TOS, mfumo wake wa uendeshaji, ilikataliwa na PC kwa sababu ndogo sana: baiti chache za mwanzo wa sekta ya kwanza, ambazo MS-DOS ilizidai, hazikuwepo. Data yote ilikuwa sawa. TOS 1.04 ilirekebisha.

Amiga ni habari nyingine. Nayo ni MFM, lakini huandika njia nzima kwa mkupuo, sekta 11 zikiwa zimebanana bila nafasi kati yake, na ndiyo maana inapata KB 880 mahali ambapo PC inapata 720. Vichwa vya sekta zake vimeandikwa kwa mtindo wake. Chipu ya PC hutafuta alama za IBM, haizioni, inakata tamaa. Kinyume chake hakuna ugumu: Amiga husoma mapigo kwa chipu yake na kuyafasiri kwa programu, kwa hiyo programu ya CrossDOS, iliyokuja na toleo la 2.1 la mfumo wa Amiga mwaka 1992, iliiwezesha kusoma disketi za KB 720 za PC. Ukiwa na Amiga nzima nyumbani, unayo tayari njia ya kutokea.

Acorn Archimedes nitaitaja kwa ufupi: MFM ya kawaida, sekta 5 za baiti 1024, KB 800. PC yenye draivu ya ndani huisoma kwa programu inayofaa.

Kuna mtu aliniambia nizibe tundu la disketi kwa selotepu. Ni kweli?

Kwa disketi za inchi 3.5, ndiyo, wakati mwingine. Disketi ya MB 1.44 ina tundu la pili mkabala na lile la kuzuia kuandika. Draivu ya PC hulitazama tundu hilo ili ijue kasi ya kusoma. Lakini watu wenye Amiga na Atari, ambazo draivu zake hazikulijali tundu hilo, walinunua disketi za 1.44 na kuzifomati KB 880 au 720. Ukiitia kwenye PC, inaona tundu, inasoma kwa kasi isiyo yake. Ziba tundu kwa selotepu nyeusi na ujaribu tena. Hakikisha haijakunjika ukingoni, isije ikanasa ndani.

MB 1.44 ni megabaiti za namna gani?

Za namna ya peke yake. Njia 80, pande 2, sekta 18, baiti 512: baiti 1,474,560. Hizo ni KB 1,440 za 1,024, kisha mtu akagawa kwa 1,000.

Watu wa enzi hizo walihamishaje mafaili basi?

Kwa waya. Mashine nyingi zilikuwa na porti ya siriali, na kebo ambayo waya wa kutuma wa upande mmoja umeunganishwa na wa kupokea wa upande wa pili iliweza kuunganisha kompyuta mbili ambazo disketi zake hazikujuana kabisa. Upande huu Kermit ya Chuo Kikuu cha Columbia au XMODEM, zote njia za kuhamishia mafaili kwa waya, upande ule vilevile, unaanzisha na kwenda kunywa chai. Kermit ilitungwa kwa uvumilivu mkubwa, kwa mashine za kila namna, na mpaka leo kama una kompyuta ya zamani inayowaka pamoja na disketi zake, njia hii ndiyo ningekushauri kwanza. Mashine iliyoandika disketi ndiyo msomaji wake bora.

Nimenunua draivu ya disketi ya USB. Inatosha?

Kwa disketi za inchi 3.5 za PC, MB 1.44 na KB 720, inatosha. Kwa nyingine zote haitoshi, kwa sababu chipu yake ya ndani hutoa sekta zilizokamilika tu na haikupi nafasi ya kuona mapigo. Amiga, Mac ya KB 800, CP/M, sahau. Draivu za inchi 5.25 za USB za namna hiyo usizitafute.

Basi nitumie nini leo?

Kifaa kinachorekodi mapigo yenyewe. Nacho hufanya kazi kama mtu anayeinasa sauti ya mzee msimulizi kwanza, kisha akakaa usiku kuiandika: hakijali FM, MFM wala GCR, hupima tu muda kati ya mgeuko na mgeuko na kukuhifadhia. Fasiri hufanywa baadaye na programu, na ukikosea unafasiri tena bila kuigusa disketi. KryoFlux ni mojawapo. Mimi hutumia Greaseweazle ya Keir Fraser, ambayo muundo wake uko wazi na bei yake ni ndogo. Kwa Apple, Applesauce ni chaguo zuri sana.

Utahitaji draivu halisi ya PC ya kuunganisha nayo. Kwa inchi 5.25 tafuta ya MB 1.2, kwa kuwa inasoma disketi za njia 40 na za njia 80, za PC, Apple na Commodore. Tahadhari moja: upande wa pili wa disketi zilizogeuzwa, kama zilivyofanywa kwa Apple na Commodore, husumbua draivu za PC, kwa maana tundu la kuhesabia mzunguko halipo mahali pake pindi disketi ikigeuzwa.

Hifadhi faili la mapigo hata kama umeshapata imeji ya sekta, yaani faili lenye nakala ya sekta za disketi, kama ADF ya Amiga au D64 ya Commodore. Imeji ya sekta ni tafsiri, na kinga nyingi dhidi ya kunakili hazimo ndani yake.

Disketi zangu zilikaa Mombasa miaka 30. Zina madoa meupe.

Huo ni ukungu, na joto letu la pwani lenye unyevu linaupenda. Usiitie kwenye draivu. Ukungu hubandika uchafu kwenye kichwa, kichwa kichafu hukwaruza njia, na disketi ya pili unayoitia hukwaruzwa pia ingawa ilikuwa nzima. Izungushe taratibu kwa kidole na uikague dirishani kwenye mwanga. Madoa hufutwa kwa pamba laini na alkoholi ya isopropili, kidogo kidogo, bila kukandamiza. Safisha kichwa cha draivu kila baada ya disketi chache, na mara moja ukisikia mlio wa kukwaruza. Ukiona duara linalong'aa pale palipokuwa na rangi ya kahawia, simama hapo hapo: sumaku imeshabanduka na kila mzunguko unakula zaidi.

Nimefaulu kusoma faili, lakini maneno yanaisha kwa herufi za ajabu.

Hongera, umebakiwa na hatua ya mwisho. Hiyo ni WordStar, programu ya kuandikia ya enzi hizo. Iliposawazisha mistari, iliweka alama kwa kuwasha biti ya nane ya herufi ya mwisho ya neno. Na kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa vokali, Kiswahili cha WordStar kina sura yake ambayo ukishaiona huisahau: a inakuwa á, e inakuwa å, i inakuwa é, o inakuwa ï, u inakuwa õ. "Barua yangu" inasomeka "Baruá yangõ". Ukilifungua kwenye DOS utaona ß na alama za Kigiriki badala yake. Izime biti ya nane kwenye faili zima na maandishi yanarudi.

Mambo mengine ya kawaida: mstari mmoja mrefu usiokatika ni faili la Mac, ambalo humaliza mstari kwa alama ya CR peke yake. Herufi kubwa na ndogo zikibadilishana ni PETSCII, jedwali la herufi la Commodore. Takataka mwishoni mwa maandishi ya CP/M ni ya kawaida, kwa sababu mfumo huo ulipima mafaili kwa vipande vya baiti 128. Maandishi halisi yanaishia kwenye baiti ya 1A (kwa namba za heksadesimali).

Kompyuta yangu ya zamani ni nzima, draivu ndiyo imegoma. Nifanye nini?

Kama ni Amstrad yenye draivu ya inchi 3, kwanza tazama mkanda wa mpira. Karibu kila mara ndio uliolegea au kuyeyuka, na kuubadilisha ni kazi ya dakika chache. Ukitaka kuijaribu draivu hiyo kwenye umeme wa PC, pima waya kwanza: volti 5 na volti 12 zimepangwa kinyume na za PC, na kosa hilo huiunguza mara moja.

Kwa nyingine, safisha kichwa, tia mafuta mepesi kwenye reli za kichwa, na ujaribu disketi usiyoihitaji. Draivu ikikataa kabisa, kuna Gotek, kiboksi kinachoingia mahali pa draivu ya inchi 3.5 na kuchukua imeji kutoka kwenye flashi. Ukikiwekea programu ya FlashFloppy kinaweza kujifanya draivu ya Amiga, Atari, Amstrad na nyingine nyingi. Disketi zenyewe zirudishe kwenye boksi kavu pamoja na lebo zake, zikiwa bado zimezuiwa zisiandikike.